Kochi la mbao la kujitengenezea uani: anza na magoti ya atakayelikalia

Mama alipohamia kwetu Mbagala, sebuleni tulikuwa na kochi la kitambaa ambalo halijatimiza hata miaka miwili. Lilikuwa zuri kwa macho, laini, na la chini sana. Kila wakati wa swala ulipofika ilibidi amwite mjukuu wake amshike mkono ndipo ainuke. Siku moja nililigeuza nikachana kitambaa cha chini. Ndani nilikuta vipande vya kreti vilivyounganishwa kwa misumari, gunia, na mkanda wa raba uliokwisha kulegea. Hapo nikaamua kuwa kochi litakalofuata nitalitengeneza mwenyewe uani, na nitaanza kwa kupima magoti ya mama kabla ya kununua hata ubao mmoja.

Ninaloeleza hapa ni kochi la watu watatu, la fremu ya mbao inayoonekana, lenye mito ya kutoa na kurudisha. Kwa Dar es Salaam siku hizi sishauri aina nyingine. Joto letu lina unyevu, watu wanatoka jasho, vumbi halikauki mlangoni, na kochi lililofunikwa kitambaa pande zote ndilo maficho ya kunguni. Mito ikitoka, foronya zinafuliwa Jumamosi, sponji inaanikwa juani, na mbao inapigwa kitambaa chenye maji kidogo. Tena unauona muungano wote: kiungo kikilegea utakijua siku hiyohiyo.

Jambo la pili nililoamua mapema ni kwamba kochi lifungwe kwa bolti kama kitanda. Wengi wetu tunapanga, na hata mwenye nyumba yake hajui milango ya mbele ina upana gani mpaka siku ya kupitisha kabati. Kochi la bolti linashuka vipande vichache, linaingia kwenye guta au kirikuu, linapita kwenye ukumbi mwembamba, kisha linafungwa tena kwa spana moja.

Kupima

Mkalishe mwenye kochi kwenye kigoda au kiti kigumu, miguu ikanyage sakafu yote, bila viatu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la goti kwa nyuma. Kwa watu wazima wengi utapata kati ya sentimita 40 na 45. Huo ndio urefu wa kikalio chako kikiwa na mto juu na mtu ameshakaa. Sponji ya inchi 4 ni kama sm 10, na ikikaliwa inazama sm 2 au 3, kwa hiyo papi (mbao nyembamba) za kubeba mto ziwe chini ya kipimo hicho kwa sm 7 au 8. Kwa mzee mwenye maumivu ya magoti ongeza sm 3 au 4. Atainuka kwa nguvu ya mapaja badala ya kujivuta kwa mikono.

Pima pia kutoka mgongoni hadi kwenye kunjo la goti, upunguze vidole vitatu hadi vinne. Hicho ndicho kina cha kukalia. Makochi mengi ya dukani yana kina kikubwa kuliko hapo. Mtu mfupi akiegemea, miguu inaning'inia, na asipoegemea mgongo unachoka. Hapa usimwonee mtu haya, pima kweli.

Mbao

Nimetumia paina. Mbao nyingi laini zinazouzwa Dar zinatoka nyanda za juu kusini, Iringa na Njombe, na shamba la miti la Sao Hill lililoko Mufindi ni kubwa kuliko mashamba yote ya serikali. Paina ni nyepesi, inakubali msumeno wa mkono, na ukikosea kipande hujapata hasara ya kulia. Mninga na mkongo ni mbao bora na zina sura nzuri, lakini bei yake na ugumu wake haviendani na kochi la kwanza. Mtiki upo katikati: unafanyika vizuri na mchwa hauupendi. Ukichukua mbao ngumu, dai risiti ya kununulia na uitunze, kwa kuwa usafirishaji wa mazao ya misitu una vibali vyake.

Buguruni na Keko utapata mbao na mashine za kuranda na kupasua kwenye eneo moja. Chagua mwenyewe, ubao mmoja mmoja. Shika ncha moja, uinue hadi jichoni, utazame ubao kwa urefu wake kama anayelenga shabaha. Uliopinda kama upinde unaweza kukatwa vipande vifupi, lakini uliojisokota uache palepale. Vifundo vidogo vilivyoshikana na mbao havina neno. Kifundo cheusi kinachocheza kitadondoka, nacho kikiangukia kwenye ulimi wa kiungo, yaani ncha iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mbao nyingine, kiungo hicho kimekwisha. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake, hao ni bungua.

Mbao yenye rangi ya kijani kijani imetiwa dawa ya kuzuia wadudu. Ni nzuri kwa paa. Kwa kochi, ambalo utaliranda na kulipiga msasa na watoto watalilalia, chukua isiyo na dawa. Kama vipande vya mbao ya dawa vimeshaingia nyumbani, visiende jikoni kuwashia moto. Moshi na majivu yake ni sumu.

Nunua mbao za futi 12 hivi, unene na upana kwa inchi: 2x3 tatu, 2x4 moja, na 1x6 nne. Mwambie fundi wa mashine azirande zote, kisha 1x6 tatu azipasue katikati upate papi sita zenye upana wa karibu sm 7. 1x6 ya nne ibaki nzima kwa ajili ya mikono ya kochi.

Kukausha ndiko kunakoshinda yote

Kama utaruka sehemu nyingine za mwongozo huu, hii usiiruke. Mbao nyingi zinashushwa kwenye lori zikiwa bado na maji. Ukiunga mbao mbichi leo, ulimi utasinyaa ndani ya tundu lake, na miezi miwili baadaye kochi litalia kila mtu anapokaa. Gundi haiwezi kuzuia hilo. Stuli yangu ya kwanza kabisa niliiunga siku niliyoleta mbao nyumbani, na miguu yake yote minne ilikuwa inacheza kabla ya Idi.

Zipange kivulini penye upepo, juu ya matofali ili zisiguse ardhi, na kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja, kila baada ya nusu mita. Vijiti vipangwe wima juu ya vingine, la sivyo mbao zitapinda zikifuata mapengo. Usianike juani, maana zitapasuka ncha. Paka ncha zote gundi nyeupe au rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu maji hutoka upesi kwenye ncha kuliko kwenye ubavu, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Utajuaje kuwa zimekauka? Kata kipande cha mita nusu cha 2x4 nyingine au chochote kutoka kwenye fungu lilelile, kiweke humo humo katikati ya safu, na kila wiki kipeleke kwa Mangi wa dukani akupimie kwenye mizani ya unga. Andika uzito kwa penseli kwenye kipande chenyewe. Changu kilishuka wiki baada ya wiki, kisha kikasimama pale pale mara tatu mfululizo. Hapo ndipo nilipochukua msumeno. Mbao za inchi 1 zinaweza kuwa tayari kwa wiki chache. Za inchi 2 zipe miezi miwili au zaidi, hasa ukiwa umeanza wakati wa masika. Kipindi kizuri cha kukausha ni kuanzia Juni hadi Septemba.

Vifaa

Huhitaji karakana. Msumeno wa mkono wenye meno makali, randa, patasi ya nusu inchi na ya inchi moja, nyundo ya mbao, skwea, tepu, drili (hata ya kukodi kwa siku moja), bisibisi, spana na msasa namba 80, 120 na 220. Nunua gundi nyeupe ya mbao, skrubu za inchi moja na nusu, bolti nne za milimita 10 zenye urefu wa inchi 6 na nyingine nne za inchi 5, pamoja na nati na washa zake. Klampu nilikuwa sina. Nilichana tyubu kuukuu za baiskeli kuwa mikanda mirefu, na kwa kuizungusha mara nne au tano ikiwa imevutwa, inabana fremu kwa nguvu ya kushangaza. Vaa barakoa wakati wa kupiga msasa.

Kukata

Hivi ndivyo nilivyokata, kwa kochi lenye nafasi ya sm 176 kati ya mkono na mkono:

- 2x3: miguu minne ya sm 58, mbao nne za ubavu za sm 72, nguzo mbili za egemeo za sm 58, mbao mbili ndefu za egemeo za sm 167.
- 2x4: mbao mbili ndefu za kikalio za sm 178.
- Papi: 14 za kikalio na 11 za egemeo, ila usizikate mpaka fremu isimame. Papi ya sita ipasue katikati, ipatikane mihimili miwili ya kubebea.
- 1x6: mikono miwili ya sm 85.

Zile 2x3 tatu zinatosha ukizipanga hivi: ya kwanza itoe mbao mbili za sm 167, ya pili itoe nne za sm 72 na mguu mmoja, ya tatu itoe vipande vitano vya sm 58. Kinachobaki ni mguu wa katikati.

Ubavu

Safisha sakafu ya baraza, uchore ubavu mmoja kwa chaki katika ukubwa wake halisi. Mstari wa sakafu, mguu wa mbele, mguu wa nyuma, kutoka nje ya mmoja hadi nje ya mwingine sm 80. Kisha chora mbao ya kikalio: upande wake wa juu uwe sm 36 kutoka sakafuni kwa mbele na sm 31 kwa nyuma, au juu zaidi kwa kadiri ulivyopima. Mteremko huo mdogo ndio unaomshikilia mtu asiteleze mbele. Mbao ya pili ya ubavu inakaa juu kabisa, chini ya mkono. Sasa laza mbao zenyewe juu ya chaki na uchore pembe za kukata moja kwa moja kutoka kwenye mchoro. Hakuna hesabu hapo, na pembe haiwezi kukudanganya.

Kila mbao ya ubavu ina ulimi wa sm 3 kila ncha, na kila ulimi una tundu lake mguuni. Unene wa mbao ukiwa sm 4.5 baada ya kurandwa, ulimi uwe theluthi yake, sm 1.5. Toboa tundu kwanza: piga drili matundu yanayopakana, halafu safisha kuta kwa patasi. Kisha kata ulimi ukiwa mnene kidogo kuliko tundu, na uupunguze kwa patasi kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Unaofaa ni ule unaoingia kwa kusukumwa na kiganja na mapigo mawili ya nyundo ya mbao. Ukiingia wenyewe umelegea. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu utaupasua mguu. Hapa mimi nilitumia siku mbili nzima kwa viungo vinane, na sijutii hata saa moja.

Kusanya ubavu mkavu kwanza, bila gundi. Ulaze juu ya mchoro wa chaki. Ukilingana, tia gundi ndani ya tundu na kwenye ulimi, ubane kwa tyubu, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, uache usiku kucha. Fanya wa pili ukiulaza juu ya ule wa kwanza ili wawe pacha.

Kikalio

Mbao ndefu mbili ndizo zinazobeba watu. Zisimamishe kwa upana wake, yaani sm 9.5 iwe wima. Chonga kila ncha ulimi mfupi wa sm 1, na mguuni chimba tundu lake la kina hichohicho, ili uzito ulale kwenye mbao na bolti ibaki na kazi ya kuvuta tu. Toboa kupitia mguuni hadi ndani ya ncha ya mbao ndefu kwa kina cha sm 10. Kwa upande wa ndani wa mbao hiyo, fungua kidirisha kidogo kwa patasi mahali bolti inapoishia, ili nati na washa viingie. Aliyewahi kufunga kitanda cha mbao anakijua kidirisha hiki.

Funga pande mbili na mbao ndefu, kisha pima kona kwa kona, na kona kwa kona ya pili. Vipimo vikitofautiana, sukuma kwenye kona ndefu mpaka vilingane, ndipo ukaze. Piga mhimili mmoja wa kubebea kwa gundi na skrubu kwa ndani ya kila mbao ndefu, kwa kina kitakachofanya papi zikae sm 2 chini ya ukingo. Ukingo huo unauzuia mto usikimbie. Lakini ukingo wa mbele uuviringishe vizuri kwa randa na msasa, kwa sababu ndio unaogusa nyuma ya mapaja. Mkali ukibaki, miguu itakufa ganzi.

Sasa pima pengo na ukate papi za kikalio. Acha sm 8 kila upande kwa ajili ya nguzo za egemeo, na kati ya papi na papi iwe chini kidogo ya sm 5. Pengo likizidi hapo sponji inaanza kuingia. Toboa kwanza kabla ya kutia skrubu, hasa karibu na ncha. Katikati ya mbao ndefu ya mbele na ya nyuma weka mguu mfupi. Fremu inaweza kusimama bila mguu huo, ila kuna watoto, na watoto hawakai, wanaruka.

Egemeo, na mama amekaa

Egemeo ni fremu ya peke yake: nguzo mbili, mbao mbili ndefu, na papi 11 za wima. Mbao ndefu ya chini iweke sm 10 juu ya ncha za nguzo, ili nguzo zishuke kama vijiguu kati ya papi za kikalio na ubavu. Unga kwa ulimi na tundu kama kawaida. Upana wa jumla uwe sm 175, usugue kidogo tu ukiingia.

Usitoboe kitu chochote mpaka mtu akae. Niliweka sponji juu ya kikalio, mwanangu akalishika egemeo kwa nyuma, mama akakaa. "Rudisha nyuma kidogo. Basi, usinilaze, sitaki kulala." Tukarudisha mbele kama vidole viwili. Akaweka mikono mapajani, akatulia, akasema hapo hapo. Nikachora kwa penseli. Baadaye nilipima nikakuta egemeo limelala karibu digrii 12 kutoka wima, na wengi watatulia kati ya 10 na 15. Bolti ya chini ipite kwenye mbao ya ubavu ya kikalio, mbele kidogo ya mguu wa nyuma. Ya juu ipite kwenye mguu wa nyuma wenyewe. Zama vichwa na nati ndani ya mbao ili zisichane nguo.

Mikono ifunge kwa gundi na skrubu kutoka chini, ukitoboa kupitia mbao ya juu ya ubavu na kuzamisha vichwa ndani yake, ili hakuna kichwa cha skrubu kitakachoonekana. Viringisha kona zake. Mzee anainuka kwa kusukuma mkono wa kochi, kwa hiyo utokeze mbele ya mguu sm 3 au 4 apate pa kushika.

Vanishi

Fungua kochi lote kwanza. Msasa namba 80 unafuta alama za mashine, 120 unalainisha, 220 unamalizia, siku zote ukifuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Futa vumbi, paka sila (ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi), ikikauka pitisha 220 kwa wepesi, halafu paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Fanya kazi hiyo kuanzia saa nne asubuhi siku ya jua. Vanishi ya kukauka upesi ikipakwa hewa ikiwa nzito, kama mvua inakuja, inageuka weupe kama maziwa. Ncha za chini za miguu zipe vanishi mara nyingi zaidi, kwa sababu sakafu zetu zinapigwa deki kila siku na maji hupandia hapo. Kisha kata soli ya ndala kuukuu, uzigongomee chini ya miguu kwa misumari midogo, vichwa vizame.

Mito

Sponji inunuliwe kwa mkono. Iliyo nyepesi sana itakuwa bapa kabla ya mwaka. Ikandamize kwa ngumi: isikuruhusu kugusa meza, na ukiachia irudi upesi. Kikalio inchi 4 ngumu, egemeo laini zaidi. Mito mitatu ya upana wa sm 58 inatosha kochi hili. Mwambie fundi cherehani ashone foronya ndogo kuliko sponji kwa sm 1 kila upande ili mto usimame, na zipu iwe ndefu, ikizunguka kona mbili za nyuma, la sivyo siku ya kufua utapigana na sponji. Kitambaa kizito cha pamba kinapumua kuliko velveti. Hilo utalijua Januari, upepo ukiwa umesimama. Kifue mara moja kabla ya kukatwa kisinywee baadaye.

Baada ya mwezi mmoja pitisha spana kwenye bolti zote nane, na tena masika yakiisha, mbao zikirudi kukauka. Kwa kochi la mama bolti mbili za nyuma zilichukua nusu mzunguko mara ya kwanza, na mara ya pili hazikusogea.